Siku Breki ya Galgalo Iliporudi Gereji

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu, Ijumaa, saa saba mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai. Sina homa, sina wazimu, na watu wa Isiolo wanaonijua watakuambia mimi si mtu wa hadithi. Mimi ni fundi wa magari. Nimelala chini ya magari miaka ishirini na kitu, na kitu pekee nilichokuwa nikikiogopa kule chini ni jeki mbovu.

Lakini siwezi kukuambia nilichokiona kabla sijakuambia nilichokifanya.

Palikuwa na dereva akiitwa Galgalo. Alikuwa akibeba maziwa ya ngamia kutoka upande wa Garbatulla kuleta mjini, kwa pikapu kuukuu iliyokuwa barabarani kabla yeye mwenyewe hajajua kutembea. Alikuwa mtu wa polepole. Madereva wenzake walimwita Kobe, naye alicheka tu. Asubuhi moja akaniletea gari. Linavuta kushoto, akasema, na gurudumu la mbele kushoto linanuka moto. Nikalifungua. Pistoni ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana breki. Nikamwagia mafuta, nikagonga kwa nyundo, nikamwambia Galgalo akanyage pedali huku nikivuta kwa koleo. Wapi! Mwishowe skrubu ya kutolea hewa ikakatikia ndani, na hapo kalipa ikawa ya kutupwa. Nyingine ilibidi iagizwe Nairobi.

Galgalo alikuwa na haraka. Akina mama wa maziwa walikuwa wakimngoja, na maziwa hayamsubiri mtu jua likipanda. Basi nikafanya wanachofanya mafundi wengi huku kwetu, na usiniambie hujawahi kusikia. Nikatoa pedi, nikaikunja ile paipu ya mpira inayopeleka oili ya breki kwenye gurudumu lile, nikaifunga kwa waya isipitishe kitu. Gari likabaki na breki za miguu mitatu. Ukikanyaga taratibu, huoni tofauti kubwa. Ukikanyaga kwa nguvu, linakurusha upande wenye breki.

Je, hilo peke yake ni kosa? Gari linaweza kufika nyumbani hivyo, mradi dereva anajua aende vipi. Kosa langu ni kwamba sikumwambia. Fundi akisema amefunga mguu mmoja, mteja humwona ameshindwa na kazi, na kesho analipeleka gari kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Basi Galgalo aliponiuliza, "Fundi, iko sawa?" nilifuta mikono nikamjibu, "Iko sawa kabisa."

Siku ya tatu mbuzi walimkatiza kwenye mteremko wa laga, ule mto mkavu tunaouvuka tukielekea Garbatulla. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likageuka kulia, likabingirika. Akafa yeye, na akafa mzee mmoja aliyekuwa amempa lifti.

Nami nikaenda na wenzangu kulivuta gari. Walipokuwa wakifunga kamba mbele, niliingia chini na kisu, nikaikata ile paipu nikaitupa vichakani. Unaona ni mtu wa namna gani anayekusimulia? Kalipa mpya ilifika na basi siku mbili baada ya mazishi.

Watu walihukumu haraka. Gari limepinduka, basi lilikuwa likikimbia. Galgalo, yule Kobe! Pale steji wakaanza kuwaambia madereva wageni, "Usiendeshe kama Galgalo." Jamaa za yule mzee wakaacha kumsalimia mjane wa Galgalo, Darmi. Watoto wake wakaambiwa shuleni kwamba baba yao aliua mtu. Mimi niliyasikia yote nikanyamaza. Mabaki ya gari wakayachukua watu wa chuma chakavu, nikayaona yakikatwa vipande.

Miezi minane ikapita hivyo.

Sasa, Ijumaa saa saba mtaa wetu wa gereji huwa kimya. Wenzangu wengi ni Waislamu, wanakuwa msikitini, na mimi Mmeru wa kanisani hubaki kulinda vyombo vya wote. Nilikuwa nimeinamia sanduku la spana. Nilipoinuka, pikapu ilikuwa mbele yangu, imeegeshwa. Sikusikia injini. Nikajiambia masikio yangu yameharibiwa na nyundo. Dereva alikuwa amesimama kando, amejifunga kitambaa usoni kama wafanyavyo watu waliotoka kwenye vumbi, na sikuona ila macho yake.

"Salaam aleikum," akasema. "Mbele kushoto. Angalia."

Nikaweka jeki, nikatoa gurudumu. Niamini, lilikuwa baridi. Jua la Isiolo la saa saba, gari limetoka safari, na chuma kile kilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Nikainama nitazame ndani. Paipu ilikuwa imekunjwa, imefungwa waya mizunguko mitatu, na ncha ya waya imerudishwa ndani isimchome mtu. Kila fundi ana mkono wake, na ule ulikuwa wangu. Katika mji huu sijaona mwingine anayeficha ncha.

Wewe ungekimbia? Mimi niliihesabu ile mizunguko tena.

"Nani alifunga hii?" akauliza.

"Sijui. Pengine mafundi wa Merti," nikasema. Ndiyo, nilimdanganya hata yeye. Mtu akishazoea uongo hachagui wa kumwambia.

Hakukasirika. Akachuchumaa karibu nami, na hakuwa na harufu yoyote, si ya jasho, si ya petroli. "Na mwenye gari," akasema, "aliambiwa?"

Sijui sauti ilitoka wapi, lakini ilikuwa yangu. "Hakuambiwa."

"Basi mwambie Darmi."

Nikageuza kichwa nimwone vizuri. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na gari. Jeki yangu ilikuwa imesimama peke yake pale mavumbini, imepandishwa hadi juu, haijabeba kitu. Wenzangu walipotoka kuswali walinikuta nimeishika kwa mikono miwili, nalia kama mtoto.

Jioni hiyo nikaenda kwa Darmi. Alinikaribisha akanipa chai, na chai ile ilinichoma moyo kuliko matusi. Nikamwambia yote: paipu, kisu, yule mgeni.

"Mimi nilijua bwana yangu si mtu ya kukimbia," akasema. "Nilisema, hakuna mtu alisikia. Sasa fundi, usiniambie mimi. Enda useme huko steji, mahali wanamtukana."

Kesho yake nikaenda, nikasimama mbele ya madereva. Na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili. Badala ya kuanza na paipu, nilianza na yule mgeni. Niliogopa. Nilidhani wakijua kwanza nimetokewa, watanihurumia kabla ya kunihukumu. Basi hawakusikia jambo jingine.

"Wallahi? Alikuwa na miguu ama kwato?" mmoja akauliza.

"Miguu. Sikilizeni, nilikuwa nimekunja paipu—"

"Na hiyo pikapu, ilikuwa na namba?"

Nikitaja waya, wananirudisha kwenye macho yake. Nikisema nilimwambia Galgalo iko sawa na haikuwa sawa, wananiuliza mgeni alivaa nini. Kufika Jumatatu habari ilikuwa Ngaremara, na mgeni wangu alikuwa ameshaota kwato.

Leo hakuna tena anayesema Galgalo alikuwa akikimbia. Wanasema yule mgeni alikuwa Galgalo mwenyewe, na kwamba Galgalo ni jini. Madereva wakiikaribia ile laga wanapiga honi kumfukuza. Akina mama waliwakataza watoto wao kucheza kwa Darmi. Na mimi niliyemuua, wateja wameniongezeka! Watu wanatoka mbali kuja kumwona fundi aliyetengeneza gari la jini. Nikiwaambia kosa lilikuwa langu, wanacheka, wanasema fundi ana utu, anajitwika mzigo wa marehemu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu bado naitembea, na siku hizi nasema kweli tupu.

Darmi alikuja gereji mara moja tu. Nilimvutia kigoda, hakuketi.

"Fundi," akasema, "afadhali ile ya kwanza. Dereva ya kukimbia, watu wanasahau. Jini hawasahau."

Mwezi uliofuata akachukua watoto akahamia Merti kwa ndugu zake. Sikwenda kumuaga, kwa sababu sikuwa na uso wa kwenda nao. Na tangu siku ile ya Ijumaa siwezi kufungua gurudumu la mbele kushoto bila kuligusa kwanza kwa kidole, nione kama lina joto.

Wewe uliyenifuata hadi hapa, najua kisa hiki utakisimulia. Watu hawawezi kujizuia. Basi ukikisimulia, anza na paipu, na ukiweza mwache yule mgeni kabisa. Ukienda kuchukua gari lako, usimuulize fundi kama iko sawa. Muulize amefunga nini, amekata nini, kisha uiname uone mwenyewe, hata kama amevimba kwa hasira. Na ukivuka ile laga, usipige honi. Mwache Galgalo alale. Wa kuogopwa ni mimi.