Taa ya Mama Ilibaki Nyeupe

Juzi nilirudi Pearland, nje kidogo ya Houston, kumsaidia Mama kufungasha vitu. Nyumba imepata mnunuzi, na Mama anahamia Richardson, karibu na mama mdogo. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la koridoni, natoa mashuka yanayonuka dawa ya nondo, mkono wangu ulipogusa kitu cha mviringo, laini, cha baridi. Sikuhitaji kuchungulia. Nilijua ni ile fimbo ya taa kabla sijaitoa gizani.

Kama hujawahi kuwa shabiki wa muziki wa Kikorea, ngoja nikueleze. Kila kundi lina taa yake: fimbo fupi ya plastiki yenye kichwa kinachong'aa, na shabiki wa kweli haendi kwenye tamasha bila taa ya kundi lake. Ukifika ukumbini unaiunganisha na simu yako, unaandika namba ya siti uliyokalia, na kuanzia hapo taa si yako tena. Kuna mtu mahali fulani, hujui wapi, anayeziwasha na kuzizima zote, anayezipaka rangi anayotaka. Wewe umeshika tu.

Miaka ile mimi na dada yangu tuliishi ndani ya muziki huo. Jumamosi ilikuwa siku ya kupiga deki, na tulipiga deki tukicheza, mpini wa mopu ukiwa kipaza sauti. Mama alikuwa muuguzi mjini Houston. Akirudi kutoka zamu alianza kukaanga maandazi kabla hata hajavua viatu vya kazi, na harufu ya iliki ilichanganyika na ile ya sabuni ya hospitali mpaka leo siwezi kuzitenganisha. Aliwatazama waimbaji wetu kwenye televisheni kwa jicho la kazi.

"Huyu mwenye nywele za waridi anaumwa nini?"

"Mama, he's not sick!"

"Mbona amepauka hivyo? Hali ugali huyu."

Mwaka ule kabla ya ugonjwa uliofungia dunia nzima ndani, kundi letu lilikuja Fort Worth. Baba alitaka twende na watoto wa jirani, Mama akakataa katakata. "Nita-drive mwenyewe. Siwaachii wanangu watu wenye nywele za bluu." Tulilala kwa mama mdogo Richardson, na asubuhi tukajiunga na foleni iliyouzunguka ukumbi, lami ikitoa mvuke wa joto. Watu wasiojuana walikuwa wanagawa vitu bure, kama desturi ya mashabiki ilivyo: peremende, vipicha vya waimbaji vilivyofungwa utepe, bangili za shanga. Msichana mmoja Mkongomani wa Mansfield alitusikia tunaongea Kiswahili akaja mbio kumvisha Mama bangili.

"Mama, na weye uko shabiki?"

"Mimi dereva tu, mwanangu."

Alicheka mpaka akainama. Nikikumbuka furaha, huwa nakumbuka mgongo wa yule msichana ukitikisika kwa kicheko juani.

Ndani, Dada aliunganisha taa yake, kisha yangu, kisha akachukua simu ya Mama ili aiunganishe na taa tuliyomnunulia. Mama alimnyang'anya.

"Inauliza nini hiyo?"

"Your seat number, Mama. Lazima ujiandikishe."

"Siti nimeshailipia. Wanataka kujua nimekaa wapi ili iweje? Sijiandikishi."

Dada alimbembeleza, akanuna, akakaribia kulia. Mama alirudisha simu kwenye mkoba na kufunga zipu.

Kisha giza likaanguka. Na hapo taa zikawaka zenyewe. Hakuna aliyebonyeza. Rangi ya zambarau ilianza mbali, upande wa pili wa ukumbi, ikatembea kuja kwetu mstari kwa mstari, ikapita mikononi mwetu na kuendelea nyuma. Niliisikia taa yangu ikigeuka, naapa, kama mnyama mdogo anayejigeuza usingizini. Katikati ya zambarau hiyo yote taa moja tu ilikuwa nyeupe, ile ya Mama, ambayo aliiwasha mwenyewe kwa kidole. Zilipozimwa zote, yake iliendelea kuwaka. Watu waligeuka kumtazama. Uso wake ulionekana peke yake gizani, umeangazwa kutokea chini, macho yakiwa mashimo, na mimi, badala ya kucheka, niliogopa. Nilimshika mkono usiku kucha.

Nyumbani jambo lile likawa mzaha wetu. Soksi isiyo na mwenzake, mgeni aliyesahaulika kwenye hesabu ya sahani, Mama alisema, "Huyo hajajiandikisha."

Mwaka uliofuata mitaa ilinyamaza. Baba alikuwa amekwenda Tanga kuzika, ndege zikasimama, akabaki huko. Mama aliendelea kwenda hospitalini, na siku alipoanza kukohoa hakuingia ndani. Alihamia gereji, kwenye kitanda cha kukunja, akatuwekea sharti kupitia mlango uliofungwa kati ya gereji na jikoni.

"Mlango huu msiufungue. Hata nikiwaita, msiufungue."

"Why would you call us, then?" aliuliza Dada.

"Homa ikipanda mtu husema lolote. Atakayeita si mimi. Mmesikia?"

Tulisikia. Tulikuwa tunaweka uji na maji ya tangawizi kwenye ngazi ya nje, kando ya mlango wa pembeni wa gereji, tunakimbia ndani, na baadaye tunakuta bakuli tupu. Kila siku tulizidisha uji, na bado bakuli lilirudi tupu. Mama mdogo alipiga simu kutoka Richardson asubuhi na jioni, na Mama alimjibu kwa maneno mafupi: naendelea vizuri, acha kuwatisha watoto.

Wakati huo makundi yalikuwa yanatumbuiza kwenye kumbi tupu kule Korea, nasi tukitazama kwenye televisheni, na ukiunganisha taa yako, iligeuka rangi pamoja na taa za dunia nzima. Kundi letu likatangaza lake. Kwao ilikuwa Jumapili jioni, kwetu alfajiri. Jumamosi tulimwekea Mama taa yake kando ya bakuli, na Dada akamwambia kwa sauti kupitia mlango: "Iwashe, Mama, tuwe wote." Kitu ambacho Mama hakukijua ni kwamba Dada alikuwa ameiunganisha na simu ya zamani, akaiacha simu hiyo sakafuni upande wetu wa mlango. Hatimaye Mama alikuwa amejiandikisha.

Alfajiri tulikaa jikoni, kompyuta ndogo mezani, sauti ikiwa chini. Mpira wa chini ya ule mlango ulikuwa umeng'oka, na kupitia uwazi huo mwanga wa taa ya Mama ulimwagika kwenye vigae. Wimbo wa kwanza ulipoanza taa zetu zikawa bluu, na ule mstari chini ya mlango ukawa bluu. Zetu zikawa waridi, nao ukawa waridi. Dada alinifinya paja kwa furaha. "See? She's dancing." Tulicheza naye. Wimbo baada ya wimbo tulicheza na mstari wa mwanga, tukimwita, tukimwimbia, na mwanga ukatujibu kila mara bila kukosea hata pigo moja.

Ni kutokosea huko kulikonisimamisha. Mama hakuwahi kwenda na pigo maishani mwake.

"Dada," nilisema, "taa ingecheza hata kama hajaishika."

Alinitazama. Kwenye skrini waimbaji waliinama mbele ya maelfu ya viti vitupu. Zambarau ikapita mkononi mwangu, mkononi mwake, chini ya mlango.

Aliinama, akaizima simu ya zamani. Taa ikikatwa hivyo hurudi kuwa nyeupe, na hubaki nyeupe mpaka mkono ubonyeze kitufe. Dada alifunga kompyuta. Tulilala kifudifudi kwenye vigae, mashavu chini, tukiutazama ule mstari mweupe.

"Mama, bonyeza. Badilisha rangi tu."

Ulibaki mweupe. Hakutuita. Tulikuwa tumekatazwa kufungua akituita, na hakutuita, na kimya hicho ndicho kilichomnyanyua Dada. Alifungua.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea tairi la gari, midomo imekuwa rangi ya majivu. Uji wetu, aliokuwa akiumwaga ili tudhani anakula, ulikuwa umeacha madoa kwenye zege. Taa ilikuwa imesimama ndani ya kikombe, mbali na mkono wake. Dada alipiga simu, gari la wagonjwa likaja, na watu waliovaa kama wapiga mbizi wakamchukua bila kuturuhusu kumgusa.

Alikaa hospitalini muda mrefu. Aliporudi alikuwa mwembamba, sauti imekwaruza, na jioni moja, akimenya kitunguu, alituambia bila kuinua macho.

"Nilikuwa kwenye ule ukumbi wenu. Taa yangu inageuka pamoja na zao, nikashangaa, nani kaniandikisha? Kisha wakaanza kuzima. Mstari kwa mstari, wanakuja upande wangu, na kila taa iliyozimwa mtu wake hayupo. Wamebakiza mstari mmoja, yangu ikarudi nyeupe. Wakafika kwangu, wakapita."

Dada aliangusha kijiko. Hatujawahi kumwambia habari za ile simu.

Leo kundi lile halipo tena, kila mwimbaji ameshika njia yake. Dada anaishi mbali, na ule wimbo wa kwanza akiusikia dukani hutoka nje. Kitanda cha kukunja tumekigawa. Wageni walionunua nyumba watakula mkate wao jikoni pale bila kujua kwa nini mlango wa gereji una mpira mpya.

Niliitia ile fimbo betri. Ilipepesa, ikitafuta simu ya kuungana nayo, na Mama, aliyekuwa anafunga sanduku chumbani, akauliza kana kwamba ameisikia.

"Imewaka rangi gani?"

"Nyeupe, Mama."

"Basi iache hivyo hivyo."