Mvua ya Ng'washi

Kemilembe alisingiziwa kwamba aliwaharibia wenzake dagaa kwa sala. Ng'washi alijua ukweli wote, akanyamaza. Huo ndio ubaya aliotendewa, na hauna jina jingine.

Ilikuwa hivi. Kwenye mwalo mmoja mdogo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga upande wa Ilemela, wanawake wanaoanika dagaa husali pamoja kila alfajiri, kabla mitumbwi haijarudi kutoka ziwani. Wakatoliki, Walutheri na walokole, wote hugeuza ndoo juu chini, wakazikalia kwa duara, na mwenye zamu akaomba kwa sauti. Sheria zao ni mbili. Sala iishe kabla mtumbwi wa kwanza haujagusa mchanga, maana dagaa hawasubiri amina. Na mwenye shida humnong'oneza mwenye zamu sikioni, naye huiweka mbele za Mungu bila kusema ni ya nani. Kumtaja aliyenong'ona ni sawa na kumvua mtu kanga barabarani.

Kemilembe alizaliwa Kagera, kwenye migomba, akaletwa Mwanza na ndoa. Ndoa ilikwisha, yeye akabaki na ziwa. Mwaloni wanamwita Mama Projest, kwa jina la mwanawe. Shule hakuiona, lakini kuomba anajua. Humweleza Mungu mambo kama anavyomweleza jirani wa mlango wa pili, na akimaliza kusema hunyamaza.

Asubuhi moja ya zamu yake, Ng'washi alimwinamia. Huyu Ng'washi ndiye mkubwa wa kikundi, na kwao ni Sengerema, ng'ambo ya maji.

"Mayu, mahindi ya mama yananyauka kule nyumbani," alinong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma. "Niombee mvua."

Kemilembe akaomba kama alivyotumwa. Aliomba afya, aliomba jua la kukausha dagaa, akamwombea mtoto wa mtu aliyekuwa na homa, kisha akasema, "Na mashamba yaliyokauka, Bwana, uyakumbuke kwa mvua." Wote wakaitikia amina, na Ng'washi aliitikia kuwapita wote.

Dagaa wakaja, wakaanikwa mpaka mchanga wote ukang'aa kama bati jipya. Kabla ya mchana wingu likapanda kutoka ziwani. Ikanyesha mpaka jioni. Dagaa wakalowa, wakanuka, wakaishia kuwa chakula cha kuku.

"Nani aliomba mvua mwaloni?" aliuliza Jovina, na jibu alikuwa nalo. "Mtu wa migomba huyu. Jua la nini kwake?"

Wengine wakasema labda ana dawa, maana Usukumani mambo ya mvua hayachezewi. Kemilembe hakuweza kumtaja aliyemtuma, sheria ilimfunga mdomo. Akamtazama Ng'washi. Ng'washi alikuwa anakung'uta turubai lisilokuwa na kitu. Alipomaliza akalikung'uta tena.

Kesho yake duara lilifungwa bila kumwachia nafasi.

Akahamishia ndoo yake nyuma ya jiwe kubwa, akawa anaomba peke yake. Alitaka jambo moja tu: aombe tena kati ya wenzake, jina lake likiwa safi. Mungu alimsikia hata nyuma ya jiwe, hilo hakulitilia shaka. Ila hakuwepo mtu wa kuitikia.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Hadiya, mnunuzi wa dagaa kutoka Buswelu, Mwislamu wa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nasikia unaleta mvua. Kwetu bomba linakohoa tu, maji hakuna. Ukipata nafasi utukumbuke."

"Hadiya, mimi ni Mlutheri. Si mganga wa mvua."

"Basi hata ya kujaza ndoo mbili, mama. Hatuna makuu."

Kemilembe akacheka mpaka akaegemea jiwe. Tangu siku hiyo Hadiya akawa anapitia pale kila asubuhi, anasimama pembeni, na sala ikiisha anainua viganja na kusema, "Amini." Siku ikawa inaanza vizuri.

Huko kwenye duara, zamu ikamfikia Queen, mdogo wao, anayependa mikutano ya injili. Queen hakukaa kwenye ndoo. Alitembea. Alifunga mapepo ya ziwani, akafunga ya nchi kavu, akaingia kwenye ya angani na kuanza kuyataja moja moja. Ndege ya asubuhi ikapita juu, yeye bado yuko angani. Mitumbwi ikagusa mchanga, na hakuna aliyethubutu kufumbua macho kabla ya mwenzake. Walipofumbua, wachuuzi wa mwalo wa jirani walikuwa wameshabeba kila kitu.

"Mapepo mmeyafunga," Hadiya aliwaambia, "dagaa mmewafungulia."

Asubuhi iliyofuata Queen akaja nyuma ya jiwe, kichwa chini.

"Shikamoo, Mama Projest. Nimetumwa. Wanasema urudi, sala yako ina mwisho."

"Nani kakutuma?"

"Wote."

"Huyo Wote simjui. Aje Ng'washi."

Ng'washi akaja taratibu kama anayekanyaga miba. Aliangalia ziwa, akaangalia wenzake kule nyuma, kisha akaliinamia sikio la Kemilembe. Kemilembe akadhani neno la kumsafisha limefika.

"Mama amepanda mahindi upya," Ng'washi alinong'ona. "Niombee. Ila, mayu, safari hii mvua usiitaje."

Hasira ilimpanda Kemilembe hadi kooni, na ilipofika pale ikageuka kicheko. Hakuweza kukizuia. Alichukua ndoo yake akaenda kwenye duara. Jovina alisogea bila kuambiwa, akampangusia na mchanga pale pa kukaa.

"Baba, asante umetuamsha," Kemilembe akaomba. "Mikono hii ni ya kwako, ipe nguvu ya leo. Jua letu lishushe hapa mchangani. Kama una mvua ya kutoa, anwani yake ni Sengerema. Ivushe maji ikiwa imefunikwa, isitumwagikie njiani. Na aliyesingiziwa, msafishe. Amina."

Walicheka macho yakiwa yamefumbwa, na amina yao ikawafikia wavuvi majini. Mitumbwi ilikuwa bado mbali. Siku hiyo jua liliwaka, na alasiri dagaa walikuwa wakavu, wanalia chakachaka vikapuni. Kemilembe aliimba tangu kuanika hadi kuanua, wengine wakipokea kiitikio.

Tangu hapo anaomba zamu yake kama zamani, na furaha yake ni ya kweli. Mahindi ya Sengerema nayo yalikomaa. Ng'washi alimletea mabichi, Kemilembe akayachoma, akala na Hadiya, yalikuwa matamu. Lakini mahindi si neno. Ng'washi bado hajasimama mbele ya wanawake wale wale akasema, "Mvua ile niliiagiza mimi." Anadaiwa hilo, yeye peke yake, na kila alfajiri wanakaa naye duara moja.