Hoteli ya Kijani Nyuma ya Msikiti

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, na mdomo wangu unafanya kazi kuliko cherehani yangu. Nalisema mapema, mtu asije akadhani kosa hili lilinijia kwa bahati mbaya.

Mume wangu alivunjika paja, akapewa rufaa ya hospitali kubwa Dar es Salaam. Wodini ndugu haruhusiwi kulala. Sikuwa na wasiwasi. Nina kaka kule, tumbo moja, na kwetu mtu mwenye ndugu mjini halali nyumba ya kulipia. Ni aibu yake na aibu ya ndugu yake. Nilimpigia tukiwa Masasi, basi limesimama watu wale. Akasema, "Dada, wewe njoo tu." Nilipofika nikapiga tena, simu ikaita mpaka ikakatika. Kesho yake vilevile.

Nikaanza kutafuta gesti. Jamani, Dar! Ya kwanza, dada wa mapokezi alinitajia bei, nikamuuliza kama ni ya wiki. Akacheka, akamwita mwenzake aje anione. Ya pili ilikuwa nafuu kidogo, lakini chumba hakina dirisha na kitanda kimeinama upande. Ya tatu waliniuliza nakitaka kwa saa mbili au mpaka asubuhi. Mimi, mke wa mtu, na mfuko wa korosho za kaka mkononi! Niliwatukana kwa Kimakonde, nikatoka.

Nikaishia kwenye baraza la hospitali, pale wanapolala ndugu wa wagonjwa. Wiki tatu kwenye saruji, kanga moja chini, moja juu. Korosho nikazila mwenyewe. Jambo moja tu lilinifurahisha: karibu na lile baraza palikuwa na bomba, na maji yalitoka usiku na mchana. Mtu wa Newala akiona hivyo anaweza kulia. Mchana nilishona kwa mkono kanga zilizochanika za wenzangu, na mama muuza uji akanilipa kwa uji.

Tuliporudi, wanawake kwenye foleni ya maji wakaniuliza nilifikia wapi. Nikisema barazani, nimemvua nguo kaka yangu mbele ya mji mzima, na mimi mwenyewe nimebaki uchi. Nikasema hotelini. Eti kaka alining'ang'ania, nikakataa, maana kwake ni mbali na hospitali. Wakaguna. Basi hapo mdomo ukashika moto. Nikawapa hoteli nzima: ghorofa ya kijani nyuma ya msikiti, shuka safi, bei ya kawaida tu, na maji usiku na mchana.

"Usiku na mchana?" wakauliza.

"Unafungua tu," nikasema, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu.

Msimu wa korosho uliofuata, jirani yangu tunayeombana chumvi alikuja kibandani kwangu na mama yake. Bibi yule alikuwa na uvimbe shingoni, na yeye kapewa rufaa ya hospitali ileile. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yake ikatoka ikikwaruza.

"Fundi, sisi Dar hatuna mtu," jirani akasema. "Nielekeze ile hoteli yako."

Tulikuwa watatu tu. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Ningeweza kusema, na wala isingenichukua muda. Badala yake nilichana karatasi ninayokatia nguo, nikamchorea njia kwa chaki yangu: ukishuka, msikiti, nyuma yake ghorofa ya kijani. Msikiti ulikuwepo kweli. Nikamtajia na bei, naye akapanga safari yake kwa bei hiyo. Bibi akanishika mkono, akaniombea dua. Nikaitikia amina. Mungu anisamehe, niliitikia kwa sauti.

Alasiri waliyofika, simu yangu ikaita.

"Fundi, tumeuzunguka msikiti mara tatu. Hiyo ya kijani hatuioni, na mama amechoka, amekaa chini."

Nikasema, "Watakuwa wameipaka rangi nyingine. Hebu ulizia."

Ndivyo nilivyosema. Kisha nikazima simu, nikaendelea kutia vifungo kwenye sare ya shule.

Walirudi baada ya muda. Uvimbe ulikuwa umetolewa salama, lakini bibi alishuka kwenye basi akikohoa na mgongo umemkaza, mpaka leo anainuka kwa kushikwa. Siku hiyohiyo kwenye foleni wakamuuliza jirani, "Hoteli ya Fundi mliipata?"

Aliweka ndoo chini. Akanitazama.

"Tuliipata," akasema. "Maji usiku na mchana."

Nilishusha pumzi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kushusha pumzi. Tulipokuwa tunarudi na ndoo kichwani, akaniambia bila kugeuka, "Mama muuza uji anakusalimu. Anasema kanga yake haijafumuka tena."

Aliendelea kunisalimia kila asubuhi na kuniomba chumvi, na kila akiomba mimi nilitamani anitukane.

Halafu akaja mwanamke mmoja kutoka Makote, mtoto mgonjwa mgongoni, karatasi ya rufaa imekunjwa kwenye kanga. Hana mtu Dar, ameambiwa pale foleni wapo wanaojua hoteli ya bei nafuu. Vidole vikatuelekea sisi wawili. Jirani akainamia ndoo yake, akaanza, "Ukishuka, ulizia msikiti…"

Alikuwa anaubeba uongo wangu kama wake, ili mimi nisiaibike.

"Hakuna!" nikasema, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hakuna hoteli. Kaka yangu hakupokea simu. Nililala barazani wiki tatu, na hawa nikawadanganya wakaenda kulala palepale."

Ndoo iliyokuwa bombani ikajaa, ikafurika, maji yakamwagika chini, hapa Newala, na hakuna aliyenyoosha mkono kufunga. Nikamwambia yule mama wa Makote abebe blanketi, kanga za kutosha na kikombe, na akifika amtafute mama muuza uji, aseme katumwa na fundi.

Kisha nikamgeukia jirani. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea yote. Yeye alifunga bomba kwanza.

"Mama yangu alilala kwenye saruji siku tisa akingoja kitanda," akasema taratibu. "Ungeniambia tu, Fundi. Ningebeba mkeka."