Baiskeli ya Kumleta Mama

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tulimwita Yaya, hakuwahi kutazama ramani maishani mwake. Njia aliijua kwa milima. Ukimuuliza kutoka Butembo mpaka Beni ni mbali kiasi gani, alikutajia milima ya kusukuma, mito ya kuvuka, na nyumba ambamo mtu anaweza kupewa sombe ya moto, yaani kisamvu, bila kusimangwa. Alikuwa mmoja wa wanaume waliosukuma baiskeli mpaka ndani ya msitu wa Ituri miaka ile ya vita, barabara zilipokuwa zimekufa na lori likizama matopeni linabaki hapo mpaka majani yaote juu yake. Walipeleka maharage, sabuni na chumvi, wakarudi na mchele na mafuta ya mawese. Kwa hiyo ilipobidi kumtoa mama yetu msituni, hakuna aliyebisha. Yaya ataenda na kinga yake. Kinga ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu.

Mama alikuwa amekwenda ng'ambo ya Biakato kwa mdogo wangu wa kike, aliyeolewa huko, kumsaidia baada ya kujifungua. Alikwenda kwa lori, wakati malori mojamoja bado yalipita, akasema atakaa mwezi mmoja. Kisha kundi lililoshika msitu na kundi lililoshika mji wetu, Butembo, yakaanza kupigana. Mwezi ukawa mitano, na kila aliyetoka kule alikuja na habari kwamba mapigano yanasogea. Mama alikuwa na goti bovu. Kwenda kanisani tu, mwendo wa dakika kumi, alipumzika mara mbili, na akiona umemwona anajifanya anafunga kamba ya kiatu, naye amevaa kandambili. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia akimbie.

Tulipanga safari Jumapili baada ya Misa, jikoni kwangu, watu watatu: mimi, Yaya na jirani yetu. Mlimani kila baiskeli yenye mzigo inahitaji watu wawili. Mnaisukuma ya kwanza mpaka juu, mnaiegemeza, mnarudi chini kuchukua ya pili. Ndiyo maana msukumaji hasafiri peke yake, na mwenzake wa mlimani humchagua kwa makini kuliko anavyochagua mke. Mwenzake Yaya alikuwa huyo jirani, Mprotestanti wa maneno machache, asiyekunywa pombe, jambo ambalo Yaya alilisikitikia huku akilitegemea sana.

Yaya alichora njia kwa mkaa kwenye sakafu yangu niliyokuwa nimeipiga deki asubuhi. Siku ya kwanza Beni, kulala mtaa wa Beu kwa watu wa ukoo wetu. Siku ya pili Mangina. Baada ya hapo wangeacha barabara kubwa na kushika vijia vya mashambani, ambako askari hawaweki vizuizi kwa sababu hakuna kivuli wala bia. Siku ya tatu Biakato, siku ya nne kwa Mama. Kurudi aliweka siku tano, maana goti lile lisingekubali kukaa juu ya baiskeli nusu saa bila kushuka na kunyooshwa.

"Na mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Tutalowa."

"Na basoda?" Nilimaanisha askari.

"Basoda, pale njo tutaomba Mungu."

Jirani alitikisa kichwa kukubali. Nilikasirika, kwa kuwa nilitaka jibu la mtu mwenye akili.

Wasukumaji wa mizigo huondoa pedali na mnyororo. Pedali huwapiga miundi, na mnyororo hauna kazi kwa mtu asiyepanda. Badala yake hufunga fimbo ndefu kwenye usukani ili waiongoze baiskeli wakiwa pembeni. Jumapili hiyo jioni Yaya alirudisha pedali na mnyororo, akafunga kwenye kiti cha nyuma gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, akaweka na vyuma viwili vya kukanyagia miguu. Akaniambia nipande, mimi si mzito kama Mama lakini nafanana naye. Akanizungusha uani mara tatu, watoto wa majirani wakipiga makofi, nami nikicheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha kweli jioni ile, nilimwona Mama kabisa juu ya lile gunia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye foni. Wakati ule hatukuwa na simu. Kilikuwa chumba karibu na soko, chenye mashine ya redio ya kuongea, betri ya gari na waya uliopanda mpaka juu ya mti. Anayeendesha mashine aliita kijijini, wakaenda kumtafuta mtu wako, nawe ukangoja kwenye benchi pamoja na wengine wote watakaosikiliza habari zako. Mama alipofika nilipiga kelele kama wanavyofanya wote, kana kwamba foni ilikuwa bomba refu, na kila nikimaliza nikisema À vous, kumpa zamu.

"Mama! Yaya anakuya vendredi na kinga! Vendredi! À vous."

"Minasikia. Vendredi. Batu ba hapa banaanza kutoka, mwana wangu. À vous."

"Wewe hapana kutoka na miguu! Ngoya Yaya! À vous."

"Bon. Nitamungoya."

Hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya mama yangu niliyoisikia, na haikuwa na hofu hata kidogo. Nilitoka pale nimeshiba moyo, nikanunua ndizi njiani.

Ili wafike Ijumaa walipaswa kuondoka Jumanne alfajiri. Jumatatu mchana Yaya alikuwa anakaza spoki uani, nami nikaja nikasimama mbele yake, na kinywa changu mwenyewe, si cha mtu mwingine, kikasema: "Yaya, kinga itaenda mutupu?"

Mgeni hawezi kuelewa uzito wa swali hilo. Katika mji wetu mtoto hutumwa kisimani akarudi na maji na kuni pia. Mtu mzima akionekana anatoka mjini na baiskeli tupu, watu huulizana kama amefilisika au amerukwa na akili. Waswahili husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi hatukulelewa hivyo. Kwetu mwenda bure ni mjinga, hata kama anakwenda kumchukua mama yake. Nami niliuza maharage sokoni, na magunia yangu manne yalikuwa Masereka, huko milimani, yakingoja lori la kuyaleta. Msituni maharage hayastawi, watu wa kule wangeyapokea kwa mikono miwili. Kwenye vizuizi yangelainisha askari, na Mama angerudi na mchele wake. Sababu zangu zote zilikuwa nzuri, na mpaka leo nikizipima naona ni nzuri, nazichukia.

Yaya alifikiri kidogo tu. "Lori inafika lini?"

"Leo. Kama hapana leo, kesho asubui."

Jirani, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo, akasema sentensi yake ya siku: "Mi naona twende tu." Yaya akamcheka. Nami nikamcheka. Halafu Yaya akazifungua tena zile pedali na mnyororo, akavitia katika mfuko viwe vya safari ya kurudi, akafunga fimbo kwenye usukani.

Mvua ilinyesha usiku kucha huko juu. Jumanne lori halikuja. Jumatano asubuhi wakasema limelala kwenye mteremko, magurudumu yamezama, linachimbuliwa kwa majembe. Nilikimbia kwenye foni kumwambia Mama safari imesogea. Yule wa mashine aliita, akaita, akaita. Tulisikia mvumo tu, na mara moja mtu wa mbali sana akiuliza bei ya sabuni. Nilirudi mchana, nikarudi jioni. Aliniambia labda betri yao imekufa, labda wameificha mashine, maana askari wakikaribia kitu cha kwanza kufichwa ni foni. Nikamwomba aite tena. Akasema, "Mama, miye naita tu, mais kule hakuna mutu anaitika."

Wangeondoka siku hiyohiyo! Nawaza hivyo kila siku ninayoamka. Lakini tulikuwa tumekwisha kungoja siku mbili, na kuondoka bila mzigo baada ya kungoja siku mbili ilikuwa hasara juu ya hasara. Hivyo ndivyo tulivyohesabu. Tukasema kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikaa mlangoni nikitazama barabara ya Masereka, mwanamke mzima mwenye nguvu zake, na sikuwa na kitu hata kimoja cha kufanya ila kutazama matope.

Maharage yalifika Alhamisi alasiri. Waliondoka Ijumaa alfajiri, siku ile ile ambayo Mama alikuwa ameambiwa angoje, magunia mawili kwa kila baiskeli. Kwa uzito ule na utelezi ule, Beni waliifikia Jumamosi jioni, siku mbili badala ya moja. Jumapili waliposhika njia ya Mangina walikutana na watu wanakuja, vichwani magodoro, masufuria, kuku. Mbele kidogo askari waliwasimamisha. Hawakuwapiga. Walisema tu kwamba hakuna kupita, na kwamba baiskeli zinahitajika kubeba vitu vya jeshi, na maharage ni chakula. Yaya na jirani walirudi Beni kwa miguu na mfuko wa pedali.

Habari ilinifikia Jumatatu, nami Jumanne nikapata lori la kuteremka Beni. Nilimkuta Yaya Beu, amekaa, mikono juu ya magoti, kama mgeni katika msiba. Alikuwa amejaribu mara mbili kupita kwa miguu, amerudishwa mara mbili. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kinywa kipi? Tukaanza kuzunguka katika shule ambamo waliotoka msituni walikuwa wamepokelewa, tukiinua kila shuka lililotundikwa, tukiomba radhi, tukiuliza habari za mama mmoja mnene mwenye goti bovu. Watu walitujibu kwa upole, nao wakatuuliza habari za wao.

Alhamisi tulimwona mdogo wangu. Alikuwa amefika asubuhi hiyo, amekonda, miguu imevimba, mtoto mgongoni. Alipotuona alipiga kelele ya furaha, akamfungua mtoto akanipa, mara yangu ya kwanza kumshika. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta maji. Tukaketi kwenye benchi la shule, naye akaanza kusimulia bila kuulizwa, kwa haraka, kama mtu aliyenyamaza siku nyingi. Alisema Alhamisi iliyopita jirani yao mwenye kinga alikuwa anaondoka na alikuwa na nafasi ya mtu mmoja nyuma.

"Alimwambia Mama, panda. Mama akakatala. Akasema: 'Beba huyu na mutoto, njo bachanga. Miye mwana wangu anakuya kesho.' Miye nikalia, sikutaka kumwacha. Akanifukuza! Akasema ni usiku moja tu, na Yaya hakosake. Alikuwa amekwisha kuosha kitenge yake ya Misa ya kuvala mu safari."

Akacheka, akajifuta uso kwa kiganja. Alisema wao walikatiza porini siku saba, mara nyingi wakiisukuma ile kinga, wakala mizizi, wakawaonea wivu Mama na Yaya, wakidhani wako juu ya baiskeli kwenye njia nzuri.

"Donc Mama mulimuacha Butembo?" akauliza. "Na ile goti, aliweza?"

Nilimtazama Yaya. Yaya alikuwa anatazama sakafu. Mdogo wangu alimtazama Yaya, akanitazama mimi, akamtazama Yaya tena. Kicheko kilikuwa bado kimebaki usoni mwake. Kisha akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kutoka kifuani pangu.