Mama Tahadhari na Mpango wa Mafuriko

Pale manispaa walimwita Mama Tahadhari, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Alikuwa afisa maafa, peke yake katika kitengo chake, na kwa miezi kumi na minne alikuwa akiandika mpango mmoja tu: namna ya kuwaokoa watu wa bondeni, ambako mto huingia hadi vyumbani kila baada ya miaka michache.

Alipita nyumba kwa nyumba na viatu vyake vya mpira, akipima alama za tope ukutani na kuandika namba za simu za wajumbe wa mitaa. Akachora ramani. Nyumba mia mbili na kumi na sita ziliangukia ndani ya mstari mwekundu, ikiwemo ya mama mkwe wake. Mahali pa kukimbilia pangekuwa ukumbi wa manispaa, ulioko mwinukoni, na funguo zake zingekaa kwa watu watatu wanaoishi jirani.

Kikao cha kwanza cha kamati kiliahirishwa, akidi haikutimia. Cha pili kilibishana saa mbili nzima kama kichwa kiandikwe "maafa" au "majanga". Katika cha tatu, mwenyekiti, ambaye ana nyumba za kupangisha bondeni, aliweka kidole kwenye ramani.

"Dada, huu mstari hauwezi kupinda kidogo? Wapangaji wangu wakiuona watahama."

"Mheshimiwa, sikuuchora mimi. Uliuchora mto."

Watu wakacheka. Mpango ukarudishwa "kwa maboresho".

Nyumbani alisonya mpaka mumewe, fundi cherehani, akasimamisha cherehani.

"Mke wangu, waachie. Wewe yako umeshafanya."

"Yangu ipi? Karatasi? Mama yako ataipanda karatasi maji yakija?"

Mume akarudia kushona.

Mvua ilianza Jumanne asubuhi. Kufikia saa sita mto ulikuwa umevuka daraja la miguu. Mama Tahadhari hakungoja barua ya mtu. Aliwapigia wajumbe mmoja mmoja, nao wakagonga milango. Watu wakapanda na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Kufika ukumbini, lango limefungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi.

Akampigia mtunza stoo wa manispaa, aliyekuwa akikaa na ufunguo.

"Ufunguo ninao mfukoni, dada. Lakini ukumbi haufunguliwi bila kibali cha mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Tuko naye huku kwenye semina."

"Basi mpe simu!"

"Sasa hivi haiwezekani. Anatoa mada."

Akakata simu. Kisha akageukia umati uliokuwa ukilowa.

"Kuna fundi vyuma hapa?"

Mzee mmoja mwenye ovaroli akainua mkono. Msumeno alikuwa nao. Ndicho kitu pekee alichookoa. Akakata kufuli huku mama mkwe akimwinulia beseni juu ya kichwa asilowe na kumhimiza: "Kaza mkono, baba, tunazeeka hapa!"

Waliingia watu zaidi ya mia nne, wapangaji wa mwenyekiti wakiwemo. Maji yalipanda bondeni mpaka madirishani, yakabeba vitanda na kuku. Mtu hakufa hata mmoja.

Baada ya wiki mbili akapokea barua: ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuharibu mali ya umma, yaani kufuli moja. Aliisoma mara tatu, akitafuta mahali walipokuwa wanatania. Hapakuwapo. Akajibu kwa mstari mmoja: "Nililikata kwa sababu lilikuwa limefungwa." Hakuna aliyemuuliza tena.

Mwezi uliofuata kamati ilipitisha mpango kwa dakika ishirini, mstari mwekundu ukiwa palepale. Suala la nani akae na funguo likaundiwa kamati ndogo. Mama Tahadhari alitoka ukumbini bila kuaga, maana angefungua mdomo angefukuzwa kazi.

Jumatatu alipanda upande wa pili wa mji, kwenye mteremko uliopasuka baada ya mvua zile. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo akamtazama kwa mashaka.

"Umekuja kutubomolea?"

"Nimekuja kupima ufa, mama."

"Haya, pima. Lakini usinikanyagie mboga zangu."