Chumba Nilichomchagulia Yustina Dar es Salaam

Tuliokuwepo Newala asubuhi ya kuondoka ni hawa. Mimi. Binti yangu Agnesi, mguu umemvimba hata kiatu hakiingii. Mwanawe Yustina, ndiye msafiri mwenyewe. Na Edwadi, mwanangu wa kwanza, kaka yake Agnesi, kwa hiyo mjomba wa Yustina, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Yustina amepata chuo Dar es Salaam lakini mabweni yamejaa. Edwadi akasema, "Mama, nakupa wiki moja. Asipopata pa kulala penye heshima, rudi naye." Basi ndiyo ikawa mimi, mwanamke wa darasa la pili, naacha korosho zangu zinadondoka, hakuna wa kuziokota, napanda basi.

Tulibadili basi Masasi. Toka hapo sikutulia. Kila liliposimama niliuliza, "Tumefika?" Yustina anajibu, "Bibi, hapa Ndanda." Mbele kidogo, "Bibi, hapa Mtama." Tulipofika Nangurukuru akasema, "Bibi, ukiuliza tena nakushusha hapa, uolewe." Abiria wakacheka. Mimi kiti kilikuwa kinanichoma. Nilikuwa nafikiria hiyo wiki moja.

Jioni, Mbagala. Alitupokea Filbert, mtoto wa marehemu dada yangu Osmunda. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba, baba." Filbert ana moyo, lakini ana vyumba viwili na watoto watano, na toka kwake hadi chuoni ni mbali. Akatutafutia dalali, mtu mzima aitwaye Selemani.

Siku ya pili Selemani alitupeleka kwanza kwenye ghorofa, juu kabisa, ngazi za kukata pumzi. Mwenye nyumba ni Bi Mwajuma. Chumba safi, dirisha kubwa. Nikauliza maji yako wapi.

"Bomba liko chini, uani," akasema Bi Mwajuma.

"Kwa hiyo mtoto apande ngazi zote hizi na ndoo kichwani?"

"Wenzake wanapanda, bibi. Huyu amekuja kusoma au kuteka maji?"

"Chumba cha kunguru hiki," nikasema, nikageuka. Bi Mwajuma akanijibu kwa nyuma, "Basi wewe katafute cha vyura!"

Nisieleweke vibaya. Sisi wa Newala tumekulia juu, na maji yalikuwa chini. Mimi na Osmunda tulikuwa tunateremka jogoo la kwanza, foleni, kisha mlima, tunarudi jua la utosi na mtungi mmoja mmoja. Kwa hiyo Selemani alipotuteremsha bondeni kwenye chumba cha pili, nikaona kisima hatua tatu toka mlangoni, maji yako juu juu, unainama unachota bila kamba, moyo wangu ulitua hapo hapo. Nilinawa uso. Nilinawa mpaka miguu.

Yustina akaninong'oneza, "Bibi, mbona ukutani kuna mstari wa tope, unanifika gotini?"

"Watoto wamechezea udongo," nikasema.

Selemani aliangalia viatu vyake.

Nikampigia Edwadi simu. "Kisima kiko mlangoni, mwanangu."

"Mlangoni kabisa?" Akacheka kwa furaha. "Basi mwekeni hapo hapo, mama!"

Siku ya nne, tumeshahamia, saa mbili asubuhi, mvua. Kwetu mvua ikianza tunatoa vyombo nje, mchanga unakunywa yanayobaki. Nikatoa ndoo, nikapanga. Jirani, Mama Shufaa, yeye alikuwa anapandisha godoro lake juu ya meza. "Imewahi mwaka huu," akasema.

"Nini imewahi?"

"Mafuriko, bibi. Huja kila mwaka."

Hata sikumaliza kushangaa. Maji yaliingia kwa mlango, mengine yakachipuka sakafuni kama yana wito. Godoro jipya likaelea. Yustina akatia barua ya chuo na vyeti kwenye mfuko wa nailoni, akajitwika, akasema, "Bibi, nishike mkono." Hakulia. Tulipanda hadi barabarani, maji kiunoni kwangu, tukasimama kwenye kibanda cha muuza chipsi.

Simu ikalia. Edwadi. "Nasikia Dar kuna mvua."

Nilitaka kusema mtandao unakatika. Mtoto alikuwa ananitazama. Nikasema, "Tumefurikiwa. Chumba nilichagua mimi, yeye aliniuliza habari ya tope nikamnyamazisha. Usimrudishe kwa kosa langu."

Akajibu, "Mama, rudi naye."

"Wiki ulinipa wewe. Ina siku tatu bado." Nikazima simu. Sijawahi kumzimia simu mwanangu.

Tukaenda kwa Bi Mwajuma vile vile, tope tupu. Alitutazama toka juu mpaka chini. "Bibi wa vyura," akasema.

"Ndiye mimi. Nisamehe, mama. Naomba cha kunguru."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini chumba kilikuwa na mtu, mwanafunzi wa Tandahimba, Somoe, aliyeingia jana yake. Somoe ndiye akasema, "Shikamoo, bibi. Tandahimba na Newala ni jirani. Tulale wawili, hata kuogopa nitaacha." Bi Mwajuma, nilipomweleza habari ya mjomba, akaomba simu yangu, akampigia Edwadi mwenyewe: "Mjomba, mtoto yuko kwangu, yuko mkavu, anakunywa chai. Wewe endelea na korosho." Edwadi akakubali.

Siku ya saba niliondoka. Yustina alikuwa ameshaanza masomo, tuliagana alfajiri kwenye ngazi, ana ndoo kichwani anaipandisha bila kushika. Njia nzima hadi Masasi sikumuuliza mtu tumefika wapi, ila kutulia sikutulia.

Nilichojifunza ni hiki: nilimchagulia mtoto kwa kiu yangu mimi, na yeye hakuwa na kiu. Macho yake yaliona tope, ya kwangu yaliona kisima. Ukimpeleka mjukuu mjini, mwache aangalie kuta.

Majina nina hakika nayo. Siku naweza kuwa nimezichanganya; Filbert, kama mvua ilikuwa siku ya tano, nisahihishe. Na wewe Yustina, nimeandika kwamba hukulia. Kama ulilia nikiwa nimekutangulia kwenye yale maji, niambie, nitaandika upya.