Mapango Niliyoyapunguza

Mdogo wangu alianza kuingia mapangoni mwaka wa sitini na sita, na mimi nikaanza kumchukia barabara mwaka huohuo. Kabla ya hapo nilikuwa na kijicho cha kawaida tu, kile alichonacho kaka yeyote aliyebaki na mama wakati mdogo wake anasoma Ulaya. Tangu utotoni tuligombana kwa kila kitu, na zaidi kwa ukoko wa wali, ambao mama aliukwangua sufuriani na kutuwekea kati, halafu akageuka asione nani kashinda. Kwa kawaida nilishinda mimi. Nilikuwa mkubwa kwa miaka miwili na sikuwa na haya.

Tulipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye alikuwa Mombasa kwa khalati yetu, dada wa mama, na huko huko akapata nafasi ya masomo Austria, katika mji uliozungukwa na milima. Mimi nilipanda meli na mama kuja Maskati. Baba alikwisha kufa, mtu mmoja ilikuwa lazima apande meli na mama, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na bandari. Jambo hili nimelisimulia maishani mwangu kama kujitolea. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniuliza.

Nilipata kazi ya ukarani katika ghala la mchele na tende Matrah, bandari jirani na Maskati. Barua za mdogo wangu zilikuja kwa sanduku la posta la tajiri wangu, nami nikazibeba nyumbani mfukoni, zikilowa jasho. Mama alikuwa msomaji mzuri sana. Alisoma Kurani, alisoma maulidi, na maisha yake yote aliandikiana na dada zake barua za Kiswahili ndefu kama mkeka, zote kwa herufi za Kiarabu. Herufi za kizungu hakuzijua wala hakuona upungufu. Mdogo wangu, ambaye skuli aliipenda kuliko chuo cha Kurani, aliandika kwa herufi za kizungu. Kwa hiyo kati ya mama na mwanawe nilisimama mimi na mdomo wangu.

Barua ya kwanza ya pango nilianza kuisoma peke yangu pale ghalani, nimekaa juu ya gunia, mwezi wa Juni. Anayejua Juni ya Maskati ya siku zile, bila feni, mji umezungukwa na majabali yanayokunywa jua mchana kutwa na kulitapika jioni, ataelewa hali yangu. Mdogo wangu aliandika kwamba milima ya huko ni ya mawe ya chokaa, na maji yameitafuna kwa ndani mpaka imekuwa mitupu kama mkate wa mofa. Walipanda saa mbili mpaka kwenye mlango wa chuma. Mzee wa mlangoni akawapa makoti na karabai, akafungua, na upepo uliotoka ndani ulikuwa wa baridi na wa nguvu hata ukazima nusu ya taa. Ndani kulikuwa na barafu. Si kipande cha barafu kama kile tulichonunuliwa utotoni kutiliwa kwenye sharubati. Kumbi nzima za barafu, nguzo, mapazia, ngazi. Mzee akawasha utepe fulani wa madini uliotoa mwanga mweupe, akausogeza nyuma ya pazia la barafu, na pazia likawa la buluu kutoka ndani.

Nilisoma hayo shati limenigandia mgongoni. Nikayasoma tena. Kisha nikakunja barua na kuamua kwamba mama hana haja ya kuyajua yote.

"Anasema hajambo," nilimwambia jioni, barua mkononi. "Anasalimia. Jumapili walikwenda kutembea, wakaingia pango."

Mama aliacha kuchambua mchele. "Kaingia pango?"

"Kaingia."

"Peke yake?"

"Na wenzake. Kulikuwa na mzee mlangoni, wakampa chochote, akawaingiza."

"Akawavisha nguo?"

Nilishangaa kajuaje. "Makoti."

"Rangi gani hayo makoti?"

"Hakusema, mama. Makoti tu. Na taa mkononi, kwa sababu ya kiza."

Mama alivuta mtandio wake, akarudi kwenye mchele. Nikaridhika. Ukumbi wa barafu nilikuwa nimeupunguza ukawa shimo lenye kiza na mzee, na hakuna mama anayejivunia mtoto kuingia shimo.

Barua nyingine zikafuata, na kila moja niliipitisha kwenye kisu changu. Aliandika juu ya korongo, ufa katika mlima wenye kina cha minara kadhaa, na ubavuni mwake njia ya mbao iliyopigiliwa kwenye jabali tupu, chini maji ya kijani yanavuma hata hamsikilizani. Mimi nikasoma: "Amepita mahali pembamba. Kuna maji." Aliandika juu ya pango lenye ziwa lililotulia na kung'aa hata hujui pa kuweka mguu, na mawe yanayoning'inia darini kama mishumaa iliyoyeyuka, yakidondosha tone moja moja. Mimi nikasoma: "Amekwenda tena pangoni. Kunadondoka." Picha aliyotuma, amevaa kofia ya sufu, anacheka, nyuma yake maporomoko ya maji, na pembeni msichana ambaye hakuelezwa popote katika barua, niliiweka katika daftari langu la ghalani. Niliitazama kila siku, kama mtu anayebonyeza jipu.

Na milima yetu wenyewe ya Omani, ambayo nasikia ina makorongo ya kushindana na yoyote? Kwenda bara siku zile kulitaka ruhusa, na sisi tulioshuka melini juzi tulikuwa watu wa mwisho kupewa. Niliijua kwa kuitazama tu, kutoka mlango wa ghala.

Nisilolifikiria, na mtu wa Unguja hana udhuru wa kutolifikiria, ni kwamba kwetu pango lina wenyewe. Huko mashamba watu hupeleka pangoni ubani, kitambaa chekundu, kuku. Mlangoni kuna mzee, hupewa chochote, naye ndiye anayekuingiza kwa mzimu. Haingii mtu pangoni kupunga upepo. Anaingia aliyeshikwa na shida iliyomshinda. Mimi nilikuwa nimechukua barafu, nikachukua mwanga wa buluu, nikachukua kicheko, nikamwachia mama mzee, kiza, nguo na taa. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe.

Niliona anafunga Jumatatu na Alhamisi. Watu wengi hufunga siku hizo kwa sunna, nikamwona anazidi kuwa mcha Mungu. Ikafika Juni ya mwaka uliofuata, naye angali anafunga, mashavu yameingia ndani, na siku moja akapepesuka mbele ya mtungi wa maji nikamdaka. Alisema ni joto.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu, mama wa Kiunguja aliyekuja kwa meli ileile na sisi, mwenye ulimi ambao meli nzima iliuogopa.

"We msomi," alinisimamisha uchochoroni, "mama yako anajimaliza na njaa, wewe unakula tu unanenepa?"

"Anafunga sunna, bibi."

"Sunna! Kaweka nadhiri yule. Kasema hatoacha kufunga mpaka apate habari ya yakini kuwa mdogo wako kaacha mizimu. Mtoto kaenda kusoma Ulaya kawa mtu wa mapango! Mara nne, keshampa mzee chake, kavishwa nguo. Hukumsomea wewe mwenyewe?"

Nilisema nilimsomea mimi mwenyewe.

"Basi pole," alisema, na akaniangalia kwa namna ambayo sikuweza kujua pole ni ya nini.

Niliingia ndani nikatoa barua zote nne, nikaketi mbele ya mama nikamsomea neno kwa neno, kumbi na nguzo na pazia la buluu na ziwa na njia ya mbao. Sikuacha kitu. Nilisoma vizuri, hata sauti ilinitetemeka mahali panapostahili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kiganja chake kwenye goti langu.

"Mwanangu, nnajua unanihurumia. Lakini usinipambie."

"Sikupambii, mama. Ndivyo alivyoandika."

"Mdogo wako toka lini akajua kusema maneno mazuri hivi? Yule ukimtuma sokoni akirudi hajui kukueleza samaki kamwona vipi. Haya ni maneno yako." Akatabasamu. "Mazuri, lakini."

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopata kama mwandishi, na maneno hayakuwa yangu.

Nilimwambia basi nilikosea mara ya kwanza, nilisoma haraka. Akasema mtu hakosei mara nne. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kesho yake Alhamisi akafunga.

Palibaki njia moja, na niliizunguka siku tatu kama paka anayezunguka maji. Nilimwandikia mdogo wangu. Nilimwomba amwandikie mama kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake, aeleze mapango ni nini huko. Na ili aelewe kwa nini, ilinibidi nimwambie nilivyofanya. Niliiandika barua ile mara sita. Katika ya kwanza nilisema macho yananiuma. Katika ya sita nilisema: nilikuonea wivu, mama anadhani unaabudu mizimu, anafunga kwa ajili yako na amekonda, tafadhali andika upesi, na hili la wivu libaki baina yetu.

Wiki saba. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilikula chakula cha mchana ghalani, kwa sababu nyumbani sikuweza kutafuna mbele yake.

Barua ilipokuja nilimpa mama bila kuifungua. Alivaa miwani, akaikunjua, na uso wake ukalegea, kwa sababu maandishi yale hata mimi niliyaona kwa mbali: makubwa, yamepinda, kama ya mtoto wa chuo anayeogopa fimbo. "Mwanangu huyu," alisema. "Hata 'khe' yake haina nukta." Akaanza kusoma kwa sauti, na nikawa mimi sasa niliyekaa chini kusikiliza.

Nilisikia mapango yote kwa mdomo wa mama. Alisoma taratibu, akimsahihisha mwanawe njiani, akirudia pale palipompendeza. "Kisha mzee akawasha moto mweupe nyuma ya barafu, na barafu ikawa rangi ya kilemba cha marehemu baba siku ya Idi." Hilo la kilemba halikuwemo katika barua niliyoisoma mimi. Alikuwa amemwekea mama. "Hamna mzimu, mama, kuna serikali. Mzee wa mlangoni ana sare na vifungo, anakata tikiti, ni karani kama kaka." Mama alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka kidogo.

Karibu na mwisho alinyamaza. Macho yake yakashuka mstari kwa mstari, sita au saba, polepole.

"Anasemaje hapo?" niliuliza.

"Hapa salamu tu," alisema mama, akaikunja barua.

Hata mimi niliyekuwa bingwa wa kazi ile sikuitambua ilipofanywa mbele yangu.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi, na mama hakufunga. Alipika wali wa nazi, akakwangua ukoko, akauweka wote mbele yangu. Akaendelea hivyo kila siku tuliyokula wali, miaka mitatu, na mimi niliula nikiamini kwamba hatimaye amejua nani kati yetu aliyemtunza.

Mwaka wa sabini alipoingia Sultani mpya, mambo yakalegea na mdogo wangu akaandika kuwa anarudi, tulihamia nyumba kubwa kidogo. Nikibeba kasha la kanga za mama, barua ile ikadondoka. Herufi za Kiarabu nazisoma vizuri. Ile mistari ya salamu ilisema hivi: "Mama, usimkasirikie kaka. Ni yeye aliyekuwa akiyapunguza mapango yangu, kaniambia mwenyewe, na najua ilivyomgharimu kuniambia. Ni wivu uleule wa ukoko. Mpe wote, atapoa."

Niliirudisha chini ya kanga.

Mdogo wangu alifika, mnene, ana masharubu, na mchana wa kwanza mama akapika wali. Aliweka ukoko mzima mbele yangu, kama kawaida, kisha akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mdogo wangu aliinamia glasi yake ya maji, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Nikauvunja katikati nikamsukumia kipande chake. Kilikuwa kidogo kuliko changu, lakini si sana.